Maji ya bakuli, maji ya mto

Tukuyu, Jumapili usiku. Mvua haijakata tangu saa tisa.

Leo mwanangu amebatizwa kanisani kwetu, Moraviani. Ana miezi minne. Mchungaji alichota maji kwa kiganja mara tatu, ya mwisho yakamteremkia mtoto sikioni, akakunja uso bila kulia. Ndugu wote walikuwepo isipokuwa Shangazi. Yeye alibaki kwangu, jikoni, akimenya ndizi.

Alikuwa ameshaniambia jana alipofika na mkungu wake kichwani: "Mwanangu, nitapika, nitaosha vyombo, mtoto nitambeba. Ila kanisani sitaingia. Nikiitikia pale nitakuwa nasema uongo mbele za Mungu." Niliumia, na bado naumia kidogo hata sasa ninapoandika.

Shangazi naye alibatizwa mchanga, kanisa hili hili. Alipookoka, ukubwani, akahamia kwa Wapentekoste na kuzamishwa mto Kiwira. Nilikuwa darasa la nne. Nakumbuka Bibi, mama yake, alivyofungua kopo la biskuti akatoa cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika. Akakiweka mezani. "Na hiki kilikuwa cha nini?" Shangazi alinyamaza. Miaka yote nilidhani alikosa jibu. Leo naona jibu alikuwa nalo, ila lingemchoma mama yake.

Maana sisi tunaamini Mungu ndiye anayeanza: anamshika mtoto kabla mtoto hajajua kushika chochote. Tunasoma habari za mlinzi wa gereza kule Filipi, aliyebatizwa yeye na watu wake wote usiku ule ule. Shangazi anasoma Marko, kwamba aaminiye na kubatizwa ataokoka, na anaona kuamini kumetajwa kwanza. Mtoto wa miezi minne ataaminije? Biblia ni ile ile, na hakuna kati yetu anayeichezea.

Jambo lenyewe si geni. Januari 1525, kule Zürich, Uswisi, waumini wachache walibatizana wakiwa watu wazima, ingawa walikuwa wamebatizwa utotoni. Miaka miwili baadaye mmoja wao, Felix Manz, akazamishwa mto Limmat hadi kufa, na waliotoa hukumu hiyo ni Wakristo waliokwisha kujitenga na Roma. Nikimfikiria huyo, siwezi kumwita Shangazi mkaidi.

Tofauti nyingine za kwetu hazina uzito huo. Mwaka 1891 Wamoraviani walifika Rungwe, na mwaka huo huo Walutheri wa misheni ya Berlin wakafika huku huku Unyakyusa. Wakagawana eneo, hawa magharibi, wale mashariki. Ndiyo maana babu yangu alikuwa Mmoraviani na babu wa mume wangu Mlutheri: kila mmoja alisali kwenye kanisa lililokuwa karibu na migomba yake. Hakuna aliyekaa kulinganisha mafundisho. Kubishana kwa ajili ya mpaka uliochorwa na wageni naona ni kupoteza muda. Na yapo makanisa yaliyopasuka kwa vyeo na sadaka, sikatai, hayo yananisikitisha.

Ila Shangazi hakurithi wala hakugombea cheo. Alisoma, akasadiki, akaingia majini huku mama yake akilia. Tunapenda kusema "Mungu ni mmoja, tusibishane". Ni kweli Mungu ni mmoja, lakini mara nyingi tunalitumia neno hilo kumnyamazisha mtu kabla hatujamsikiliza. Mimi sijawahi kumwuliza siku ile mtoni aliona nini. Zaidi ya miaka ishirini!

Jioni, wageni walipoondoka, alimwogesha mtoto kwenye beseni karibu na jiko la mkaa, maana baridi ilikuwa kali. Alipomaliza akamfunga kitenge, akamwekea mkono utosini, akamwombea kwa Kinyakyusa, akimtaja kwa jina alilobatizwa asubuhi. Niliitikia amina. Halafu nikamwuliza kama anajua kile cheti cha Bibi kiliishia wapi.

"Ninacho mimi," akasema, akiendelea kumkausha mtoto nyuma ya masikio. "Kiko ndani ya Biblia yangu."