Leseni ya mbio nimeipatia Ngamiani

Nilipoanza mbio za magari za kwenye gemu, hapa nyumbani Ngamiani, Tanga, nilidhani kazi ingekuwa kwenye kompyuta. Kumbe kazi ilikuwa kwenye kiti.

Usukani, Logitech G29 ya mtumba, niliuagiza Dar es Salaam, ukaja na basi ndani ya boksi la sabuni. Niliukaza kwenye meza ya marehemu babu, pedali nikaziweka sakafuni, nikakalia kiti cha plastiki. Kila nikikanyaga breki, kiti kinarudi nyuma na pedali zinakwenda mbele. Breki ya usukani huu ina mpira mgumu ndani yake, haiguswi juu juu, inataka kukandamizwa. Mwishowe pedali nilizisogeza zikagota ukutani, na nyuma ya kiti nikalaza kiroba cha mchanga. Mama alipokiona akauliza kama tunajenga.

Gemu yenyewe ni iRacing ya Marekani, ipo tangu 2008. Hii hununui mara moja ukawa umemaliza. Unalipa ada, kama dola 13 kwa mwezi, na mgeni mara nyingi hupata punguzo. Ada inakupa magari na viwanja vya kuanzia. Vilivyobaki vinauzwa kimoja kimoja, gari karibu dola 12. Tena ukiacha kulipa ada, hata gari ulilonunua kwa pesa yako huliendeshi. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Mimi nililipia mwezi mmoja kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, nikajiapiza nisinunue chochote mpaka nitoke kwenye leseni ya Rookie, ile ya wanagenzi. Mazda MX-5 ya kuanzia ilinitosha.

Leseni ndizo zilizonivuta: Rookie, kisha D, C, B, A. Ushindi haukupandishi, unapanda kwa kuendesha bila fujo. Unaanza na alama 2.50 za usalama. Kutoka nje ya lami ni kosa 1, gari kukuponyoka ni 2, kugongana kwa nguvu ni 4, na mfumo hauulizi nani kaanza. Makosa hayo yanapimwa kwa idadi ya kona ulizopita, kwa hiyo anayemaliza mbio polepole anajenga alama kuliko mwenye kasi aliyeishia ukutani.

Hayo niliyajua baada ya kuumbuka. Mbio zangu za kwanza zilikuwa Lime Rock, uwanja wa Connecticut wa kilomita 2.4 hivi, kona zake karibu zote zinakata kulia. Taa ikawaka, nikakanyaga mafuta kama nafukuzwa. Mwisho wa ile njia ndefu iliyonyooka ipo kona inayoitwa Big Bend. Wenzangu wote wakapunguza, mimi nikaona nafasi. Haikuwa nafasi. Nilimgonga wa mbele yangu ubavuni, tukaenda wote majanini, na nilipokuwa nageuza nirudi barabarani nikagongwa na wa tatu. Alama zikashuka mpaka 2.14.

Mjomba alikuwa nyuma yangu anakula mihogo. Yeye ni dereva wa daladala ya Pongwe, na zamani alikuwa akishusha lori la majani ya chai kutoka Amani hadi Muheza, kwa zile kona za mlimani.

"Mjomba," akaniambia, "breki unaikumbuka ukishaingia konani. Ikanyage gari ikiwa bado imenyooka. Halafu usiuchomoe mguu, achia taratibu huku unakata."

Nikashinda jioni mbili uwanjani peke yangu, bila mashindano, natafuta kitu kimoja tu: pa kukanyagia breki. Nilichagua alama ya kudumu pembeni mwa barabara, kila mzunguko naanzia palepale. Mguu ulipozoea, nikabadilisha na namna ya kuanza. Gari zikiitwa kujipanga, mimi sibonyezi kitufe cha kujipanga. Muda ukiisha naanzia pit, yaani kwenye njia ya matengenezo pembeni mwa uwanja, nyuma ya wote. Wanagongana wao kona ya kwanza, mimi nawapita wakiwa majanini. Si ushujaa, lakini mbio tano kwa mtindo huo nilifanya makosa 3 tu.

Intaneti haikunisumbua sana. Kupakua ndiko kunakomaliza bando, mbio zenyewe hazili kitu. Ila usitumie waifai ya chumba cha pili. Nilivuta kebo, na gari za wenzangu zikaacha kurukaruka. Seva ziko mbali, kwa hiyo simsogelei mtu sana: mimi naona hatujagusana, yeye kwake keshagongwa. Umeme nao uliwahi kukatika nimebakiza mizunguko miwili, matokeo yakasoma sikumaliza.

Jumapili moja usiku alama zikagonga 3.00, leseni ikageuka D. Nikampisha mjomba ajaribu, uwanja ukiwa mtupu. Alikaa, akanyoosha mkono begani kutafuta mkanda, akacheka mwenyewe. Akazunguka mara nne, mwendo wa kubeba mayai, bila kosa hata moja. Akauachia usukani, akanigeukia.

"Haya, na hesabu ya tajiri ni shilingi ngapi?"