Mzee wa Fito

Jumamosi moja ya Januari 2005, mjini Reading, Uingereza, nilikuwa napanga santuri kuukuu katika duka la mitumba nilikofanya kibarua cha wikendi. Nikashika jalada lisilo na jina la bendi wala la albamu. Lina picha tu: mzee ameinama, mgongoni ana mzigo mkubwa wa fito zilizofungwa kamba. Nikalikodolea macho. Babu yangu kule Garsen, Kenya, alirudi kutoka porini ameinama vivyo hivyo, ila yeye fito alizibeba begani.

Mwenye duka akaniona. Akasema hiyo ni albamu ya nne ya bendi ya Led Zeppelin, ya mwaka 1971, na ile picha mwimbaji wao, Robert Plant, aliipata kwenye duka la vitu vya kale papo hapo Reading. Akaitoa santuri, akaweka sindano kwenye wimbo wa mwisho.

Dramu zilitangulia peke yake. Mdundo mzito, wa polepole, kama mtu anayegonga ukuta wa nyumba kutoka nje. Mwenye duka alinieleza kwamba mpiga dramu wao, John Bonham, aliwekwa ukumbini, chini ya ngazi za nyumba kongwe ya Headley Grange, Hampshire, na maikrofoni mbili zikaning'inizwa juu kabisa. Kwa hiyo unasikia dramu na nyumba pamoja. Kisha kikaingia kinanda cha mdomo, kikilia.

Nikamuuliza wimbo unahusu nini. Mafuriko, akasema. Mto Mississippi ulibomoa matuta yake ya kuzuia maji mwaka 1927, ukawang'oa makwao watu mamia ya maelfu, wengi wao Weusi. Miaka miwili baadaye wanamuziki wa blues, Kansas Joe McCoy na mkewe, Memphis Minnie, wakaurekodi wimbo huu kwanza, kwa magitaa mawili tu. Akanionyesha jina la Minnie kwenye karatasi ya santuri.

Nikakaa juu ya kreti. Mvua za El Niño za 1997, Mto Tana ulitufikia usiku. Babu alitupandisha mwembeni mimi na dada yangu. Kutoka huko juu tulisikia maji yakigonga kuta, udongo ukimeguka bonge baada ya bonge. Kulipokucha nyumba yetu ilikuwa fito tupu, zimesimama majini.

Wimbo ulipokwisha, mwenye duka aliirudisha sindano mwanzo bila kuniuliza.

Jioni nikapiga simu nyumbani. "Shikamoo Babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Nikamuuliza fito za nyumba ile alizikata wapi. Akanitajia pori moja moja.