Uzoefu wangu: uzazi wa ng'ombe na wa mama kwenye kalenda moja

Kazi za shamba mimi huzipanga kwa swali moja: ikichelewa nusu siku, nini kinaharibika? Uzio ukichelewa kukarabatiwa, mara nyingi hakuna hasara. Kukamua kukichelewa, kiwele kinavimba na maziwa ya siku zinazofuata yanapungua. Mtoto mchanga hana ratiba, kwa hiyo kazi zenye saa yake ndizo za kupunguza au kumkabidhi mtu mwingine. Mama abaki na zile anazoweza kuziacha katikati: kumbukumbu, mahesabu, kitalu, kupanga mbegu. Familia nyingi hufanya kinyume. Mama anaachiwa kukamua kwa sababu ng'ombe wamemzoea, na msaidizi anapewa kufyeka.

Sehemu kubwa ya mzigo huu huamuliwa miezi tisa kabla. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi. Ya mwanamke hukadiriwa siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ng'ombe aliyepandishwa siku zile zile mama alizoshika mimba atazaa wiki mbili au tatu baada ya mama kujifungua, na huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Subiri mimba ya mama ifike wiki ya 7 ndipo umpandishe ng'ombe. Kwa kuwa ng'ombe hukaushwa siku 60 kabla ya kuzaa, huyu ataacha kukamuliwa siku kama kumi kabla ya mama kujifungua, na atazaa wakati mtoto wa mama ana wiki 7 hivi. Usiwapange wote hivyo, la sivyo pesa ya maziwa inakatika wakati inapohitajika zaidi. Nusu ya kundi inatosha.

Mpango huu huharibiwa na joto (wakati ng'ombe yuko tayari kupandishwa) lisiloonekana. Ng'ombe anayesimama kupandwa na wenzake asubuhi apandishwe jioni. Akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Akikosa kushika, joto hurudi baada ya siku 21 hivi, na hesabu yote inasogea wiki tatu. Ndiyo maana tarehe ya joto huandikwa siku hiyo hiyo, hata kama mtoto analia mgongoni.

Kama ni lazima mama akamue mwenyewe, anyonyeshe kwanza. Kiwele kikishaoshwa na kupanguswa, ng'ombe huteremsha maziwa kwa dakika chache tu. Ukimwacha katikati kwenda kumbembeleza mtoto, ukirudi unayapata kwa shida, na yanayobaki hupunguza uzalishaji na hufanya ugonjwa wa kiwele uwe mgumu kupona. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwenye chombo safi hukaa saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku 4 ndani ya friji. Panapozidi joto hilo, yasikae nje muda huo wote.

Msaidizi haachiwi maagizo ya mdomo. Ubao ukae mlangoni mwa zizi: nani anakamuliwa kwanza, nani mwisho (mwenye ugonjwa wa kiwele ni wa mwisho daima), na nani ametibiwa kwa dawa ambayo maziwa yake hayauzwi wala kunywewa mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe. Huyo afungwe utepe mwekundu mguuni, maana ubao husahaulika lakini mguu uko mbele ya macho ya mkamuaji. Andika pia kwamba ndama apewe dang'a (maziwa ya kwanza baada ya ng'ombe kuzaa) ndani ya saa 6 za kwanza, kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake. Jambo hili halisubiri mama aamke.

Vifaranga nina maoni tofauti na wengi. Husemwa wasiletwe nyumba ikiwa na mtoto mchanga. Lakini bruda (kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga) huhitaji nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha hupunguzwa nyuzi 3 hivi kila wiki, na hatari yake kubwa ni usiku, saa ambazo mama yuko macho akinyonyesha. Baba akachungulie, au mama mwenyewe baada ya kunyonyesha, kisha mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto.

Kunyunyizia viuatilifu na kuogesha mifugo si kazi ya mjamzito wala anayenyonyesha. Aliyenyunyiza avue ovaroli nje na aoge kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hiyo ifuliwe peke yake, si pamoja na nepi. Dawa ibaki kwenye chombo chake chenye lebo, kabatini kwa kufuli, isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mjamzito pia asimsaidie ng'ombe, kondoo wala mbuzi kuzaa, wala asishike kondo la nyuma au mimba iliyotoka: humo hukaa vijidudu vinavyoweza kuharibu mimba yake, kikiwemo cha brusela (ugonjwa unaotoa mimba za mifugo). Anayeshika avae glavu ndefu, na kondo lizikwe mbali na mbwa.