Ulikuwa Unafanya Nini Kabla ya Hapo?

Pendekezo langu la kwanza niliandika nikiwa na hasira, na hasira ya mtu aliyepoteza dakika 40 haina adabu.

Ilikuwa hivi. Kwenye jamii moja ya watengeneza programu ninakoshinda, kijana mmoja alikuwa ameuliza kwa nini tarehe zake zinarudi nyuma siku moja kila anapozionyesha kwenye ukurasa. Mdudu huyo, yaani hitilafu hiyo ya programu, namjua kwa sura, kwa jina na kwa ukoo wake. Ukiipa JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, tarehe tupu kama 2021-03-05, inaichukulia kuwa ni saa sita usiku kwa saa za UTC, saa rasmi ya dunia, kisha inaionyesha kwa saa za pale mtumiaji alipo. Aliye magharibi ya Greenwich anajikuta bado yumo kwenye tarehe 4. Nikakaa nikamwandikia jibu la maana, lenye mifano mitatu na onyo moja. Nikabonyeza "Tuma". Ukurasa ukaniambia muda wangu umekwisha, niingie upya kwenye akaunti. Nikaingia. Sanduku la jibu likanitazama, jeupe pe.

Nikaenda moja kwa moja sehemu ya mapendekezo, nikaandika: "Wekeni uwezo wa kuhifadhi rasimu. Hivi tuko karne gani?"

Kesho yake nikajibiwa na mmoja wa wanaoitengeneza tovuti. "Pole sana ndugu," alianza, na mimi nikajua hapo ndipo ninapokataliwa. Alisema rasimu zinahifadhiwa, tena zinajihifadhi zenyewe kila baada ya sekunde chache, na si jambo jipya. Halafu akauliza: "Kabla hujabonyeza Tuma, ulikuwa unafanya nini?"

Nilitaka kumwambia nilikuwa naandika, ningekuwa nafanya nini kingine? Kisha nikakumbuka. Nilikuwa nimefungua swali lile lile kwenye kichupo cha pili cha kivinjari ili ninakili ujumbe wa kosa wa yule kijana bila kupoteza mahali nilipofika. Kichupo cha pili nacho kilikuwa na sanduku lake la jibu, halina hata herufi, nacho kilikuwa kinajihifadhi kama mwenzake. Rasimu ilikuwa inatunzwa kwa namba ya mtumiaji na namba ya swali, basi. Vichupo viwili, rafu moja, na anayeandika wa mwisho ndiye anayebaki. Maneno yangu yalifutwa na utupu wangu mwenyewe.

Tiba ilikuwa sharti la mstari mmoja: rasimu tupu isiifute yenye maandishi. Ukimhesabu na yule anayefuta maandishi yake kwa makusudi na hataki yamrudie, inakuwa mistari sita. Mimi nilikuwa nimeomba kitu kilichokuwepo tayari. Wangenichukua kwa maneno yangu, wangelifunga pendekezo kwa lebo ya "ipo tayari", wangekuwa na haki kabisa, na mdudu angeendelea kula majibu ya watu.

Sasa ni miaka kadhaa najitolea kwenye sehemu ile ile ya mapendekezo. Kazi ni kusoma, kuunganisha yaliyorudiwa, kubandika lebo, na kuuliza lile swali. Zaidi ni kuuliza lile swali. Watengeneza programu ni wagonjwa wagumu, kama daktari anayekwenda kutibiwa na daktari mwenzake: haji na maumivu, anakuja na dawa, na kipimo chake, na mara nyingine amekwisha jichoma sindano. "Ongezeni jedwali lenye safu hizi nne." Sawa mkuu, lakini wapi panauma?

Pendekezo linaloongoza kwa kurudi ni hili: anayepiga kura ya kushusha, yaani ya kusema swali au jibu ni baya, alazimishwe kutoa sababu. Kwenye Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya watengeneza programu iliyofunguliwa mwaka 2008, ombi hilo limeletwa na kukataliwa mara nyingi kiasi kwamba limekuwa kama mtihani wa jando kwa wageni. Kwetu pia halipiti mwezi. Anayelileta huwa na uchungu wa moto: ameuliza swali lake la kwanza, limeshuka hadi hasi mbili, na hakuna aliyefungua mdomo. Namwelewa. Nami niliposhushiwa mara ya kwanza nilikesha nikisoma swali langu upya kama barua ya posa iliyorudishwa.

Tuliwahi kulijaribu. Aliyetaka kushusha kura alipewa sanduku lenye kudai herufi zisizopungua 15. Siku ya tatu nilikuwa nasoma sababu kama "aaaaaaaaaaaaaaa", na "swali baya sana", na kutoka kwa mmoja aliyependa unadhifu, nukta 15 kamili. Hayo tungeyavumilia. Walioumia ni wale waliotii. Mwenzetu mmoja aliandika kwa upole kwamba swali halina msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, wa kujaribia, na saa hiyo hiyo mwenye swali akaingia kwenye majibu yake ya zamani na kuyashusha moja baada ya jingine, akitoa sababu kila mara kama sheria ilivyotaka. Tuliliondoa sanduku bila sherehe.

Ukimuuliza mwenye uchungu alikuwa anafanya nini kabla ya hapo, kura inatoka kabisa kwenye hadithi. Alikuwa mgeni mbele ya sanduku tupu. Alipiga picha ya skrini yake akaibandika, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ujumbe wa kosa huwekwa kama maandishi ili wengine waweze kuutafuta na kuunakili. Jeraha lilipatikana dakika kumi kabla ya kura. Tulichofanya sisi ni kidogo tu: swali likiwa na picha na halina hata mstari mmoja wa msimbo, ukurasa unauliza kabla ya kutuma. Stack Overflow walikwenda mbali zaidi, mwaka 2024 wakafungua uwanja wa maandalizi ambako maswali ya baadhi ya wageni hupitiwa na wenyeji kabla hayajatoka hadharani. Wale waliokuwa wanadai sababu za kura hawakuwa wameomba uwanja. Maumivu yao, kwa sehemu, ndiyo unaoyatibu.

Kuna mapendekezo ambayo siyaulizi kitu. Rangi ya giza, kwa mfano. Macho yanauma usiku, kwisha habari. Stack Overflow waliileta mwaka 2020 baada ya kuombwa miaka nenda miaka rudi. Huko wana utani wa zamani kwamba kila kitu kitakuwa tayari "baada ya wiki 6 hadi 8", nasi tumeuazima bila kurudisha.

Lakini jambo lililonibadilisha mawazo kuhusu kura zenyewe lilikuja na kura mbili tu. Mtu mmoja asiyeona, anayetumia kisoma-skrini, programu inayomsomea kwa sauti, aliandika mistari minne. Alisema akifika kwenye jibu anasikia: "kitufe, kitufe, kitufe". Vitufe vitatu visivyo na jina. Cha kwanza kupandisha kura, cha pili kushusha, cha tatu kuhifadhi. Alikuwa amevijua kwa kuhesabu. Siku moja tukakiweka cha kushusha juu ya cha kupandisha, hesabu ikageuka, na akashinda wiki nzima akishusha kura za watu alionuia kuwashukuru. Aligundua pale mmoja alipomuuliza kulikoni.

Nilisoma mistari ile nikaona haya. Vitufe vilikuwa na mishale mizuri ya kuchorwa, na mchoro hausemi kitu usipoupa jina. Kuvipa majina kulichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Na pendekezo lilikuwa limekaa chini ya orodha miezi mitano, kwa sababu orodha ilipangwa kwa wingi wa kura, na wenye kupiga kura walikuwa wanaviona vitufe vizuri tu. Juu yake kulikuwa na ombi la kuongeza vikaragosi kwenye maoni, lenye kura zaidi ya 200. (Vikaragosi viliwekwa. Navitumia. Sijitetei.)

Wingi wa watu wanaounga mkono una kelele zake pia. Mwanzoni mwa mwaka 2016, wasimamizi wa miradi mingi ya programu huria waliwaandikia GitHub, tovuti inayohifadhi miradi yao, barua ya wazi. Waliyoeleza yalikuwa maisha yao ya kila siku: taarifa za hitilafu zinazokuja bila hatua za kuirudia wala namba ya toleo, na safu ndefu ya watu wanaoandika "+1" kuunga mkono, kila "+1" ikigonga kama arifa kwa kila anayefuatilia mjadala. Mwezi Februari GitHub wakaleta violezo vya taarifa, Machi wakaleta vikaragosi vya kubonyeza bila kuandika neno. Nimeipenda barua ile kwa kuwa ukiisoma unawaona watu wakifungua sanduku la barua asubuhi na kukuta limejaa "+1". Yeyote aliyewahi kuendesha seva ya barua pepe anaweza kufika mwenyewe kwenye tiba.

Mfano mwingine nausimulia kila nikipata nafasi. Mtu alipendekeza tuzuie kujibu maswali kwa simu. Tuzuie kabisa! Watu wakaanza kumshambulia, maana wengi wetu tunajibu tukiwa kwenye foleni. Nikauliza lile swali. Akasema alikuwa amenakili amri kutoka kwenye jibu, `git log —oneline`, na git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ikamkatalia, ikisema haijui kitu hicho ni nini. Ameiandika mara tano. Ameondoa git na kuiweka upya. Mimi mwenyewe niliitazama amri ile mara tatu ndipo nikaona: badala ya vistari viwili vifupi kulikuwa na kistari kimoja kirefu. Kibodi ya simu ya aliyejibu ilikuwa imeviunganisha ili kumpendezesha. Kibodi hizo hizo huzipinda na alama za kunukuu, na lugha nyingi za programu hazizitambui zikiwa zimepinda.

Kwa hiyo sasa, ukiandika kistari kirefu au nukuu zilizopinda ndani ya msimbo, sanduku linakuonyesha kwa rangi na kukuuliza kama ndivyo ulivyokusudia. Halirekebishi lenyewe. Tulibishana sana juu ya hilo, na upande wangu ulishindwa. Mimi nilitaka lirekebishe. Waliopinga walisema yupo atakayekuja kuuliza kuhusu kistari kirefu chenyewe, nasi tutakuwa tumelivuruga swali lake. Alikuja, baada ya kama wiki mbili hivi. Nawasalimu.

Na si kidogo, jambo hili la kunakili. Mwaka 2021, baada ya mzaha wao wa Siku ya Wajinga, Stack Overflow walitoa hesabu kwamba mtu mmoja kati ya wanne wanaofungua swali hunakili kitu ndani ya dakika 5. Kistari kimoja kilichounganishwa kinasafiri mbali.

Nina pendekezo langu mwenyewe pia, limelala pale karibu miaka miwili. Nilitaka kila jibu liwe na alama ya toleo la lugha au programu ambalo jibu hilo linalihusu. Niliandika aya sita. Nilichora jedwali. Nilieleza na safu zake, naam, safu nne. Mwenzangu mmoja wa kupanga mapendekezo akaniuliza chini yake, nadhani kwa kufurahia kidogo: "Ulikuwa unafanya nini kabla ya hapo, mzee?" Sikuwa na jibu. Sikuwa nafanya kitu. Nilikuwa nimekaa tu nikaona ni wazo zuri. Nikamjibu kitu kirefu kuhusu usanifu wa data na akawa muungwana, hakuendelea.

Wiki iliyopita nilikuwa nahamishia mradi wa zamani kwenye kompyuta mpya. Python, lugha ya programu niliyouandikia, ikakataa kuanza: haiwezi kupata jina `Mapping` ndani ya maktaba yake ya `collections`. Nikatafuta. Jibu la kwanza lililotokea lilikuwa na alama ya kukubaliwa, kura nyingi, na mstari ule ule ulionikwamisha, umeandikwa kwa kujiamini kama ndio dawa. Nikaanza kumlaani mwandishi. Jina lililokuwa chini yake lilikuwa langu.

Mstari ulikuwa sahihi siku nilipouandika. Majina yale yalikuwa yamehamishiwa `collections.abc` zamani, njia ya zamani ikaachwa ifanye kazi kwa huruma, na Python 3.10 ya mwaka 2021 ikaifunga. Hakuna aliyerudi kuniambia, na mimi sikurudi kutazama. Wenzetu wa Stack Overflow mwaka huo huo wa 2021 waliacha kulibana juu jibu lililokubaliwa na muulizaji, lipande au lishuke kwa kura kama mengine. Jibu langu hata hivyo lingebaki juu, kwa sababu kura zake zilipigwa enzi lilipokuwa kweli.

Nikalirekebisha jibu. Kisha nikaenda kwenye pendekezo langu, nikafuta aya zote sita na jedwali lake, nikaandika nilichokuwa nafanya: kompyuta mpya, mradi wa zamani, kosa lenyewe, jibu lenyewe, na aibu. Mistari saba kwa jumla. Jioni mmoja wa wanaoitengeneza tovuti alipita hapo kwa mara ya kwanza tangu nililete. Aliandika kwamba sasa analielewa, kisha akauliza nilikuwa natumia toleo gani la Python nilipolipata kosa, maana sikulitaja.

Nililiangalia pendekezo tena kutoka juu mpaka chini. Kweli, sikulitaja.