Vidonge Vilivyobaki Kabatini

Nilipong'olewa jino mwaka jana nilirudi nyumbani na vidonge 10 vya kodeini, dawa kali ya maumivu, nikameza viwili, na vinane vilivyosalia nikavisahau kwenye kabati la bafuni, mahali ambapo mwanangu wa miaka 15 hupiga mswaki kila asubuhi. Vijana wengi wanaotumia vibaya dawa za hospitali hawazinunui kichochoroni; huzipata nyumbani au kwa rafiki, na kwa kuwa ziliandikwa na daktari, huamini kwamba haziwezi kudhuru. Kumbe kodeini na tramadoli, nayo dawa ya maumivu, hupunguza kasi ya kupumua, na zikichanganywa na pombe au diazepamu (dawa ya kutuliza wasiwasi), mtu anaweza kulala asiamke.

Siku hizi navihesabu vidonge, naandika idadi kwa kalamu juu ya pakiti, navifungia kwenye droo yenye kufuli, na vikibaki navirudisha kwa mfamasia. Kumweleza mwanangu sababu ndiko kulikonitoa jasho (kufuli ni rahisi kuliko mazungumzo), lakini alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama dawa ya kikohozi nayo imo kati ya dawa hizo za hatari. Nikamjibu kwamba ile yenye kodeini imo.