Kikombe cha Ramadhani

Presha yangu niliijulia Marekani. Tanga niliendesha Fuso ya mzee mmoja kwa miaka, Korogwe, Lushoto, mpaka Moshi, na hakuna aliyewahi kunifunga mkanda mkononi akaniambia damu inakwenda mbio. Columbus, Ohio, hupewi gari la mizigo bila kadi ya daktari. Anakupima macho, anasimama futi tano kutoka kwako na kunong'ona maneno uyarudie (Kiingereza cha kunong'ona, kwangu mimi, kilikuwa mtihani wa lugha kuliko wa masikio), anaangalia sukari kwenye mkojo, kisha presha. Ikiwa chini ya 140 kwa 90, na huna tatizo jingine, unapata kadi ya miaka miwili. Yangu ilisoma 152 kwa 94, nikapewa ya mwaka mmoja. Ikifika 180 kwa 110 huondoki na kadi siku hiyo.

Kwa kuilinda ile kadi nikatafuta daktari, akaniandikia kidonge kimoja kwa siku, cha kutoa maji mwilini. Ukikimeza asubuhi, mpaka saa nne umeshakwenda chooni mpaka wenzako wanakutania. Presha ikashuka, sikuwa na la kulalamika. Ramadhani ilipoingia nikawa nakimeza wakati wa daku.

Gari langu lilikuwa la kubeba mbao za jipsamu kwa mafundi wa ujenzi. Ukishafika ratili 26,001 za uzito wa gari, yaani karibu kilo 11,800, unahitaji CDL, leseni ya kuendesha magari makubwa, na ukishakuwa na CDL jina lako linaingia kwenye bahati nasibu ya kupimwa dawa za kulevya. Kompyuta inachagua. Ukiambiwa, unakwenda saa hiyo hiyo, si kesho. Wanatafuta makundi matano: bangi, kokeni, amfetamini, dawa za jamii ya afyuni, na PCP, dawa ya kuvuruga akili. Ohio ilikuwa imesharuhusu bangi ya daktari tangu 2016, na wapo walioamini cheti hicho kingewaokoa. Hakimwokoi dereva. Huku barabarani tunafuata sheria ya serikali kuu, Washington.

Basi, Mei 2021, Ramadhani inaelekea mwisho, nimetoka Dayton kushusha mzigo, nimeegesha, nafuta jasho. Msimamizi akanijia na karatasi. Saa tisa alasiri nilikuwa kliniki, barakoa usoni, midomo imekauka chini yake.

Aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, mpole, anayefanya kila jambo kwa utaratibu kama anasoma. Nitoe vitu vyote mfukoni. Nioshe mikono mbele yake. Nina kawaida ya kutembea na kichupa cha maji ya kustanji, maana vyoo vya huku ni karatasi tupu. Nacho kikabaki mezani. Ndani, bomba la maji limezibwa kwa plasta na maji ya choo ni ya buluu, wametia rangi ili mtu asichanganye maji kwenye kikombe. Nisiflashi. Nikasimama pale, Mwislamu wa Tanga, nimezungukwa na maji ambayo siruhusiwi kuyagusa.

Kinachotakiwa ni mililita 45, vijiko vitatu vya chakula. Nilitoa kama kimoja. Akakitazama kikombe kwenye mwanga, akakitupa. Kidogo leo na kidogo baadaye haviunganishwi, lazima kiwe kimoja kilichotimia. Akaandika saa: tisa na dakika ishirini. Kuanzia hapo nilikuwa na saa tatu, na ruhusa ya kunywa aunsi 40 za maji, lita moja na kitu, kidogo kidogo. Nikitoka nje ya kliniki kabla ya muda, nimekataa kupimwa. Na kukataa kunahesabiwa sawa na kukutwa na kokeni: unaandikwa kwenye daftari la serikali la madereva lililofunguliwa Januari 2020, ambalo kila mwajiri analichungulia kabla hajakupa funguo.

Nikamwambia nimefunga. Alielewa, jirani yake alikuwa Msomali. Akanisomea kanuni: kukataa kunywa si kukataa kupimwa. Roho ikatulia kidogo, mpaka alipoendelea. Saa tatu zikiisha bila mkojo wa kutosha, natumwa kwa daktari aeleze kwa nini, na sababu lazima iwe ugonjwa. Kukaukiwa na maji peke yake haikubaliki. Jua siku zile lilikuwa linazama saa mbili na nusu usiku. Saa zangu zingeisha kumi na mbili na dakika ishirini.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikihesabu. Kadi ilinitaka nimeze kidonge kinachokamua maji. Kikombe kilitaka maji yale yale. Sheria zote mbili ni za ofisi moja, nami sikuwa nimevunja hata moja.

Saa kumi na nusu nikajaribu tena. Kijiko kimoja na nusu. Kikatupwa.

Nikampigia dada yangu mkubwa Tanga. Kwao ilikuwa inakaribia usiku wa manane, tarawehe imeshapita.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Usiku huu kuna nini?"

Nikamweleza. Kimya, kisha, "Wanautaka mkojo wako wafanyie nini?" Nikaeleza tena.

"Si uwakojolee tu?"

"Hautoki, dada. Nimefunga."

"Wewe si msafiri leo?"

"Nimesharudi. Gari nimeegesha."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Basi kunywa, mdogo wangu, utalipa. Na ukimaliza unipigie, usinilaze roho juu."

Dada ana watoto wawili ambao ada zao zilitoka kwenye lile gari, kwa hiyo sikutarajia fatwa nyingine. Ila nilitaka kuisikia kwa sauti ya mtu. Wapo watakaosema ningesubiri mpaka dakika ya mwisho. Nao hawakuwa pale na mke na kodi ya nyumba.

Mama akaniletea maji kwenye bilauri za karatasi. Nikapiga bismillahi nikanywa ya kwanza. Yalikuwa matamu, na utamu wenyewe ukaniudhi. Ya tatu niliinywa nimegeukia ukutani, maana kijana mmoja aliyekuja kupimwa alikuwa akinitazama, na sura yake ilikuwa ya kwetu. Hatukusalimiana.

Saa kumi na mbili kasoro nikaitimiza ile 45 na ziada. Kabla ya dakika nne kupita mama alikuwa ameshasoma kipimajoto kilichobandikwa ubavuni mwa kikombe. Kinatakiwa kiwe kati ya nyuzi 32 na 38. Akagawa kwenye vichupa viwili, akafunga kwa lakiri, nikatia herufi za jina langu. Ndipo akaniruhusu nichukue kichupa changu na kuingia choo cha wageni, chenye bomba linalotoka maji.

Majibu yalirudi safi. Swaumu ile niliilipa Desemba, na sikuona haya: Desemba ya Ohio jua linazama saa kumi na moja na dakika chache jioni, hata njaa haijapata nafasi ya kukujia.

Daktari nilimsimulia yote. Akacheka, akabadilisha kidonge, akaniandikia lisinopril, dawa nyingine ya presha. Hicho hakinikimbizi chooni, ila kinaleta kikohozi kikavu kisicho na sababu wala saa. Nilipokwenda kutafuta kadi mpya, korona bado ipo, nilikohoa mara moja tu na viti vya pande zote mbili vikabaki vitupu. Binti wa mapokezi akaniomba kwa adabu nikasubiri ndani ya gari mpaka nipigiwe simu. Kadi nilipata, ya mwaka mmoja tena.