Unameza saa ngapi?

Wiki imekuwa na mengi: kaka amepeleka mahari Sengerema na wazee wamevuka daraja la Kigongo–Busisi wakiimba, ofisini tumefunga hesabu za mwezi, bosi mpya ameripoti. Ila ninachotafuna tangu Jumatano ni maneno ya bibi mmoja nje ya kanisa letu hapa Mabatini.

Ni yule bibi wa benchi la nyuma niliyewahi kumwandika, anayekuja maombini na tochi hata jua likiwa juu. Siku hiyo, wakati wa kutaja mahitaji, nilisema mbele ya watu kwamba natibiwa sonona na kwamba daktari amekuta nina ADHD pia, ile hali ya umakini kutotulia. Wakaniombea. Mmoja akakemea roho ya usahaulifu. Mwingine akanishika mkono akaniuliza taratibu kama huwa nalisoma Neno. Najua walifanya kwa upendo, lakini nilitoka koo limenibana.

Bibi akanikuta kwenye jiwe pale nje.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hivyo vidonge vyako, unameza saa ngapi?"

"Saa mbili usiku. Nikikumbuka."

"Na mimi ya presha ni saa mbili hiyohiyo. Basi nikishameza nakubipu. Usipokee, utanilia salio. Na wewe ukimeza, unibipu."

"Na nikisahau, bibi?"

"Nabipu tena. Kwani usiku una haraka gani?"

Akawasha tochi, akashuka zake.

Miaka yote nimeulizwa nani kaniroga, nimemkosea nani, kwa nini sijitumi. Huyu kauliza saa. Nikiwa kwenye daladala nayasikia, nikiwa kazini nayasikia, na kila mara kifua kinalegea kidogo.

Daktari alinieleza kwamba ADHD haianzi ukubwani. Dalili huwapo kabla ya miaka 12, hata kama mtu anakuja kugunduliwa akiwa tayari mzazi. Ni namna ubongo unavyoshika na kuachia umakini, wala uvivu haumo. Nikakumbuka walimu walioandika kwenye ripoti yangu "ana akili ila hatulii". Ukiishi miaka yote hiyo ukiitwa mzembe, sonona ikija inakuta nyumba haina mlango. Na dawa ya sonona ina masharti: huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na lazima iendelee kila siku. Sasa mtu mwenye kichwa changu anaambiwa asiruke dozi! Alamu ninayo. Inalia, naizima, narudi kwenye sufuria, imekwisha hiyo. Jambo la kushika kichwani kwangu halikai, linatakiwa likae nje, ukutani au kwa mtu, na alamu haina mtu nyuma yake.

Alhamisi saa mbili na dakika chache nilikuwa nasonga ugali. Simu ikatetema mara moja kwenye meza, ikakata. Nikaacha mwiko umesimama, nikafungua pakiti, nikameza na maji ya kikombe cha mtoto. Nikabipu. Akabipu tena. Nadhani ile ya pili ilikuwa amina.

Nimerudi kusoma 1 Wafalme 19. Eliya yuko chini ya mretemu anaomba afe. Mahubiri mengi hukimbilia ile sauti ndogo ya mlimani, lakini kabla ya mlima kuna usingizi, mkate wa makaani na gudulia la maji, kisha usingizi tena na mkate tena. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akamwambia ale.

Ijumaa, pamoja na hayo yote, sikuweza kuamka. Sitaki kuipamba. Nililala nikitazama bati mpaka mchana, watoto wamepelekwa shule na shangazi yao, na sala haikuja. Nikafungua Zaburi 88, ile inayoishia gizani bila haleluya. Mungu ameiacha vile ilivyo ndani ya Biblia, basi nikaamini na kimya changu anakipokea. Usiku bip ikaingia. Nilimeza nikalala tena, na Jumatatu nina kliniki, nitamweleza daktari kuhusu Ijumaa.

Mama amepiga sasa hivi kutoka Kirumba. Mvua ya alfajiri imewakuta dagaa wake kwenye chanja, nusu wamelowa. Mwezi nao umeshakuwa mkubwa, mitumbwi ya dagaa haitaingia ziwani mpaka usiku urudi kuwa mweusi, kwa hiyo mzigo mpya hakuna, na marejesho ya kikoba ni Jumanne. Anasema nisihangaike. Hela niliyo nayo ni ya kodi, na mwenye nyumba ameshapita mara moja.